Mgongo kwa Mpira

Walitupanga mstari saa sita, kabla ya watu,
ukungu wa Loleza bado umelikalia jukwaa la mashariki
kama mtu asiye na tiketi.
Afande Mwasomola akatusomea kwa sauti ya darasani:
mgongo kwa mpira, uso kwa watu.
Akiingia mmoja, wamfuate wawili, si kumi.
Mshike mkono, si shingo.
Mtoe kwa njia fupi, mkabidhi, rudi ulipokuwa.
Akaikunja karatasi, akaitia mfukoni,
na nadhani haikutoka tena.

Elfu nane, soda, na kizibao cha njano
kinachonuka jasho la aliyekivaa mechi iliyopita.
Ndiyo kazi: dakika tisini kuutazama mpira
kwenye nyuso za watu.
Nimezoea. Kona ikipigwa, midomo hufunguka.
Kipa akikosea, mikono hupanda vichwani
mapema kuliko kelele.
Sijawahi kuona bao; nimeyasoma yote.

Ndiyo maana nilimwona kabla hajaruka.
Alikuwa ametulia mno.
Wenzake wamesimama wanatukana, yeye anavua koti,
analikunja vizuri, analiweka juu ya uzio
kama mtu anayekwenda kuoga mtoni.

Dakika ya sabini na moja. Hakuna bao. Manyunyu.
Akapita kushoto kwangu, nikashika hewa.

Jamani, yule mtu alijua kukimbia!
Si kama mwizi, mwizi huangalia nyuma.
Alikimbia kama ndama aliyefunguliwa asubuhi,
hajui aende wapi, anajua tu kamba haipo.
Uwanja mzima ukacheka.
Beki mmoja akampisha, kwa adabu kabisa.
Nami nyuma, buti za kuazima zikinivuka,
napiga kelele, "Kaka, simama! Kaka!"
Nani husimama kwa kuitwa kaka?

Alisimama mwenyewe, kwenye duara la katikati.
Akapiga magoti, akaweka kiganja kwenye nyasi.
Basi.
Hakuwa na bango. Hakumkumbatia mchezaji.
Nikamshika mkono kama tulivyosomewa,
naye akasema, akitweta,
"Kumbe ni laini hivi,"
akainuka kunifuata.

Tungefika.
Zilibaki hatua arobaini hadi getini;
nilizihesabu baadaye, uwanja ukiwa mtupu.
Lakini wakaja wale, na hawakuwa wawili.
Watu walikuwa wamecheka,
na kicheko kile kilitaka mtu wa kukilipa.
Rungu la kwanza lilinipitia sikioni kwa upepo.
Mkono ukanichomoka.
Nikabaki nimeshika joto lake.

Jioni, chumba cha chini ya jukwaa, taa inapepesa,
nikapewa fomu.
Jina: Ambakisye Mwalwisi. Kazi: kupakia viazi, Uyole.
Silaha: hana. Ulevi: sikunusa.
Sababu ya kuingia uwanjani,
wameacha mistari mitatu ya nukta.
Nikaandika, "Kugusa nyasi."
Afande akasoma, akanitazama, akakata,
akaandika kwa mkono wake, "Kuvuruga amani."
Na kwenye majeraha: "Alianguka."

"Utelezi," akasema. "Mvua ilinyesha. Si ulikuwepo?"

Nilikuwepo. Ilinyesha kweli.
Ndiyo shida ya uongo wa Mbeya,
mvua huutolea ushahidi.

Koti nililikuta palepale juu ya uzio,
bado limekunjwa, zito kwa maji.
Lina siku ya nne kwangu Iyunga, kwenye kiti,
karibu na jiko la mkaa, na halikauki.
Mfukoni mna udongo mwekundu
na tiketi. Halali. Imechanwa kona.
Kesho nitalipeleka wodini hivyohivyo na ubichi wake,
kama watanionyesha kitanda.

Jumamosi kuna mechi, jina langu limo kwenye orodha.
Nitasimama, mgongo kwa mpira.
Na nikimwona mwingine anakunja koti polepole,
sijui.
Labda siku hiyo nitageuka,
nitazame matokeo.